Mzigo Umechelewa na Mnunuzi Anadai Pesa Zake

Tuseme umemuuzia mama mmoja wa Leeds, Uingereza, viondo viwili vya mkonge kwa dola 94, nauli ya mzigo ikiwa humo humo. Amelipa kwa PayPal. Umempelekea kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, kupitia Posta ya Mombasa na kumwandikia kwamba atavipata ndani ya siku 14. Leo ni siku ya 23. Ukifungua ukurasa wa kufuatilia mizigo unaona kifurushi kiliondoka Nairobi, na baada ya hapo kimya. Asubuhi hii simu imelia: mnunuzi amefungua lalamiko kwamba hakupokea bidhaa, na anataka arudishiwe pesa.

Mwongozo huu ni wa asubuhi hiyo. Ni kwa ajili yako unayeuza vikapu, sandali za shanga, vinyago, mikoba ya ngozi au picha za Tingatinga kwa wateja wa Ulaya na Marekani, na unafanya kila kitu peke yako, kuanzia kupiga picha bidhaa hadi kupanga foleni kwenye kaunta ya Posta. Kampuni kubwa zina watu walioajiriwa kushughulikia madai ya wateja. Wewe una simu yako na jioni yako baada ya kazi.

Kabla ya yote, elewa kwamba dai la mnunuzi lina saa yake, na saa hiyo haisubiri kifurushi. Wapo wauzaji wanaopandwa na hasira na kumjibu mteja kwamba kosa si lao, ni la Posta. Wapo wanaonyamaza wakiomba mzigo ufike kabla mambo hayajaharibika. Wote wawili hupoteza pesa, tena mara nyingi kwa kesi ambayo wangeweza kuimaliza kwa ujumbe mmoja mzuri.

Jibu siku hiyo hiyo

Kwa PayPal, mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa za kufungua lalamiko. Likifunguliwa, linaanza kama mazungumzo kati yenu wawili. Asiporidhika, ana siku 20 za kulipandisha liwe dai rasmi, ambalo PayPal wenyewe ndio huliamua. Siku hizo zikipita hajalipandisha, lalamiko hujifunga na hawezi kulifungua tena. Likishakuwa dai rasmi, muuzaji kwa kawaida hupewa siku 10 za kujibu. Asipojibu, mnunuzi hurudishiwa pesa, hata kama kifurushi kilipokelewa jana mlangoni kwake.

eBay wana haraka zaidi. Mnunuzi anaweza kufungua ombi ndani ya siku 30 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya mzigo kufika, nawe una siku 3 za kazi za kulishughulikia kabla hajaruhusiwa kuwaita eBay waamue. Siku tatu ni chache mno kwa mtu anayengoja Posta impe jibu. Kwa hiyo usingoje jibu la Posta ndipo umjibu mteja. Mjibu kwa kile unachokijua sasa.

Nyuma ya PayPal na eBay ipo benki ya mnunuzi. Aliyelipa kwa kadi ya Visa anaweza kuiomba benki yake imrudishie malipo ya bidhaa ambayo haikufika ndani ya siku 120, na siku hizo huhesabiwa kuanzia siku ya mwisho aliyotarajia kuipokea, si siku aliyolipa. Ndiyo maana ujanja wa kumchosha mteja hadi muda wa PayPal upite hausaidii kitu. Mteja aliyechoshwa hupiga simu benki, na huko wewe huna nafasi ya kuzungumza naye kwa upole.

Sasa, ujumbe wenyewe. Uandike kwa Kiingereza chako cha kila siku, ndani ya ukurasa wa lalamiko, wala si kwa WhatsApp, kwa sababu atakayeamua kesi husoma yaliyoandikwa pale tu. Ubebe maneno ya namna hii:

“Asante kwa kunijulisha, na pole kwa kusubiri. Viondo vyako nilivipeleka Posta tarehe 4 Machi. Namba ya kufuatilia ni hii na risiti nimeiambatisha. Kwa taarifa ya leo, kifurushi kiliondoka Nairobi tarehe 7 Machi na bado hakijasajiliwa Uingereza. Leo nimewaandikia Posta kuulizia. Ikifika tarehe 2 Aprili hujakipokea, nitakurudishia pesa zote siku hiyo hiyo. Kama huwezi kusubiri hadi hapo, niambie.”

Tazama ujumbe huo unafanya nini. Hauna lawama kwa mtu yeyote, wala haumwombi mteja awe mvumilivu tu bila kumwambia hadi lini. Unatoa tarehe moja inayoeleweka, na tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Lalamiko lilifunguliwa tarehe 27 Machi, kwa hiyo siku zake 20 zitaisha tarehe 16 Aprili. Tarehe 2 Aprili iko ndani ya siku hizo. Ukimwahidi mtu tarehe inayovuka muda wake wa kudai, unamfanya apoteze haki yake kwa kukuamini, na hilo halifai kabisa, hata kama wewe mwenyewe una nia njema.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimwombe mteja afunge lalamiko kwanza ndipo umrudishie pesa. Lalamiko lililofungwa na mnunuzi kwenye PayPal halifunguliki tena. Mteja anayejua hilo atakuona tapeli. Asiyejua atalijua baadaye, na hatasahau.

Soma namba ya mzigo kwa makini

Namba unayopewa na Posta inasema mengi kuliko wauzaji wengi wanavyodhani. Chukua mfano huu: EE 000 012 349 KE. Huo ni mtindo wa Umoja wa Posta Duniani, unaotumiwa na posta za nchi zote wanachama: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. E ya kwanza inaonyesha kwamba ni EMS; R ingekuwa rejista, na C ni kifurushi cha kawaida. KE ni Kenya. Mzigo wa Tanzania huishia na TZ, wa Uganda UG. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, inayotokana na hesabu ya zile nane zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea kuandika tarakimu moja kwa kawaida mfumo hukataa namba nzima. Kabla hujamwambia mteja kwamba mzigo wake hauonekani, linganisha namba uliyomtumia na ile iliyo kwenye risiti, tarakimu kwa tarakimu.

Faida kubwa ya mtindo huo ni kwamba namba haibadiliki mzigo ukivuka mpaka. Ukurasa wa Posta ya Kenya ukikaa kimya, ingiza namba hiyo hiyo kwenye ukurasa wa posta ya nchi ya mnunuzi. EMS ikifika Uingereza hushughulikiwa na Parcelforce. Ikifika Marekani, na USPS. Mara nyingi huko utakuta habari mpya ambazo hazikurudi Nairobi, labda kwamba kifurushi kiko forodhani tangu juzi, au kwamba mtu wa kupeleka mizigo alifika nyumbani kwa mteja akakuta hakuna mtu.

Sehemu inayowatisha wateja wengi ni ule ukimya baada ya mzigo kuondoka nchi ulikotumwa. Neno “umeondoka” pale halina maana kwamba ndege imeruka. Lina maana kwamba mfuko wenye kifurushi chako umefungwa na kukabidhiwa kwa safari, na unaweza kukaa uwanja wa ndege siku kadhaa ukingoja nafasi. Hatua inayofuata husajiliwa pale mfuko unapofunguliwa katika nchi ya mnunuzi. Kati ya hatua hizo mbili hakuna mtu anayegusa kifurushi kimoja kimoja, kwa hiyo hakuna habari mpya. Mweleze mteja hivyo kwa sentensi mbili. Watu huvumilia kuchelewa wanapojua sababu yake kuliko wanapoachwa na ukurasa mtupu.

Kifurushi kinaweza kuwa kimekwama wapi

Ukiona hatua ya forodha, swali la kwanza kwa mteja liwe: umepata barua, kadi au ujumbe wa kukutaka ulipe kodi? Wengi hudhani ujumbe huo ni wa matapeli na kuufuta, kisha kifurushi hukaa ghalani hadi kirudishwe kilikotoka.

Sheria za kodi kwa mizigo midogo zimebadilika sana, na muuzaji anayefuata mazoea ya zamani huumia. Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa VAT uliokuwepo kwa mizigo isiyozidi yuro 22, kwa hiyo leo hata hereni za yuro 10 zinadaiwa kodi. Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 2021, mzigo wa kuuza wa hadi pauni 135 hutozwa VAT wakati wa mauzo badala ya mpakani. Masoko makubwa ya mtandaoni humkata mnunuzi kodi hiyo yenyewe, lakini anayeuza kwa tovuti yake anatakiwa kuishughulikia mwenyewe. Marekani nayo iliondoa tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa mizigo ya chini ya dola 800 kutoka nchi zote, na posta nyingi duniani zilisitisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hazikuwa na njia ya kukusanya ushuru huo. Kabla ya kuuza kitu kwa mteja wa Marekani, uliza kaunta ya Posta au kampuni ya usafirishaji siku hiyo: mnapokea, na ushuru analipa nani? Swali hilo moja linaweza kukuepusha na madai kumi.

Vinyago na vitu vya mbao vinavyokwenda Australia vina shughuli yake. Maofisa wa huko hukagua mbao kwa ajili ya wadudu, na kinyago chenye dalili ya kutobolewa kinaweza kuzuiliwa, kutibiwa kwa gharama au kuteketezwa. Mwambie mnunuzi wa Australia mapema kwamba mzigo wake una ukaguzi zaidi, na umpe muda mrefu zaidi.

Kuna ucheleweshaji mwingine unaotoka mikononi mwetu wenyewe: fomu ya forodha. Ukiandika “zawadi” kwenye mzigo uliouzwa, au “vitu vya mikono” bila kueleza ni nini, afisa ana sababu ya kuuweka kando. Andika kitu chenyewe, kimetengenezwa kwa nini, vingapi, uzito na bei halisi: vikapu vya mkonge vilivyosukwa kwa mkono, viwili. Wapo wateja wanaoomba uandike dola 10 ili wasilipe kodi. Kataa. Mzigo ukipotea utafidiwa kwa thamani uliyoiandika, na mteja huyo huyo akidai dola 94 zake hutakuwa na la kusema.

Kurudisha pesa au kusubiri

Hapa ndipo wauzaji wengi hukosea, na hukosea kwa sababu wanaamini kwamba wakishakabidhi mzigo Posta kazi yao imekwisha. Haijaisha. Sheria ya Haki za Watumiaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema bidhaa inabaki kuwa dhamana ya muuzaji hadi ifike mikononi mwa mnunuzi, au mikononi mwa mtu aliyetajwa na mnunuzi aipokee. Inasema pia kwamba kama hamkukubaliana vingine, mzigo ufike ndani ya siku 30. Muda mliokubaliana ukipita, mnunuzi anaweza kukupa muda mwingine unaofaa, na huo nao ukipita ana haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa zake bila kucheleweshwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji lina masharti ya namna hiyo hiyo kuhusu siku 30 na kuhusu dhamana ya mzigo, na juu yake linampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia baada ya kupokea. Huko Marekani, kanuni ya tume yao ya biashara inahusu zaidi siku ya kutuma: ukiahidi kutuma ndani ya muda fulani, au usipotaja muda basi ndani ya siku 30, na ukashindwa, lazima umwombe mnunuzi akubali kuchelewa au umrudishie pesa.

Unaweza kusema hakuna mahakama ya Leeds itakayokuita Mombasa kwa ajili ya viondo viwili. Ni kweli. Lakini PayPal, eBay na mabenki wameweka kanuni zao kwa mwelekeo huo huo, na wao ndio walioshika pesa yako.

Kwa hiyo uamuzi wa kurudisha au kusubiri uupime kwa mambo mawili: tarehe uliyoahidi, na mwendo wa mzigo.

Kama tarehe uliyoahidi haijapita, dai limewahi mno. Onyesha ahadi yako, onyesha namba ya mzigo, omba asubiri hadi tarehe hiyo. PayPal na eBay huangalia tarehe hizo.

Kama tarehe imepita lakini mzigo unasogea, kwa mfano umeingia nchini kwa mnunuzi au umetoka forodhani wiki hii, toa tarehe mpya moja na uishike. Wateja wengi wanaotaka bidhaa yenyewe watakubali. Unaweza kuongeza kitu kidogo kwa usumbufu, kama kumrudishia sehemu ya nauli ya mzigo. Ukifanya hivyo ndani ya lalamiko lenyewe, soma vizuri kabla ya kubonyeza, maana mnunuzi akiikubali sehemu hiyo kesi hufungwa, na yeye lazima ajue hivyo.

Kama tarehe imepita, hakuna taarifa mpya kwa zaidi ya wiki mbili, na mteja hataki kusubiri au tarehe uliyompa kwenye ujumbe wako imefika, rudisha pesa. Rudisha zote, nauli ikiwemo. Najua inauma. Umenunua mkonge, umewalipa akina mama waliosuka, umelipa EMS, na PayPal hawakurudishii makato waliyokata kwenye malipo ya kwanza. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na deni hili ni lako kwa mnunuzi. Deni la Posta kwako ni jambo la pembeni, tutalifikia. Anayerudisha kabla hajalazimishwa huandikwa tofauti na anayenyang'anywa. eBay huhesabu kesi ambazo wao walilazimika kuziamua dhidi ya muuzaji, na hesabu hiyo ikikua inagusa akaunti yako nzima. Mteja naye huandika maoni, na maoni yake yatasomwa na wateja wako wa kesho.

Kama bidhaa ilikuwa ya siku maalumu, harusi au siku ya kuzaliwa, na siku hiyo imepita, usimbane mtu na hoja ya kwamba mzigo uko njiani. Alichonunua kwako kilikuwa zawadi ya siku ile. Mrudishie, au mwulize kama bado anakitaka kwa bei ya chini.

Kuna wanaopenda kutuma bidhaa nyingine badala ya pesa. Ni sawa ikiwa mteja mwenyewe ameomba hivyo kwa maandishi na lalamiko halijafunguliwa. Likishafunguliwa, mzigo wa pili unaweza kuchelewa kama wa kwanza, saa ya kesi ikiendelea kukimbia, na ukajikuta umepoteza viondo vinne na dola 94.

Pesa zirudi kwa njia ile ile

Rudisha kwa kitufe cha kurudishia malipo kilicho kwenye muamala ule ule, au ndani ya kesi kama imefunguliwa. Usitume kwa njia nyingine yoyote, hata mteja akikusihi: si kwa Western Union, si kwa akaunti ya dada yake. Ukilipa nje ya mfumo, dai lililoko ndani ya mfumo bado liko hai, na linaweza kuamuliwa dhidi yako mara ya pili. Risiti ya benki nyingine haitakusaidia. Matapeli wanaijua njia hii vizuri, na ombi la “nirudishie kwa njia nyingine” liwe dalili ya kukutahadharisha siku zote.

PayPal huruhusu muuzaji kurudisha malipo kwa njia ya kawaida ndani ya siku 180. Tatizo la wengi ni kwamba siku ya kurudisha ikifika akaunti iko tupu, kwa sababu pesa zilihamishiwa M-Pesa saa ile ile zilipoingia na zikalipa kodi ya nyumba. Akaunti isipokuwa na kitu na dai likaamuliwa, salio huingia chini ya sifuri na kila malipo mapya yanamezwa. Jiwekee desturi ya kutogusa pesa ya mzigo wowote hadi usome kwamba umepokelewa. Kama huwezi kuacha zote, acha angalau gharama ya bidhaa zako mbili au tatu za bei kubwa.

Ukisharudisha, mwandikie mteja kwa ufupi kwamba kifurushi kikija, akipenda kukibakiza utamtumia ankara, na asipopenda akiandike kirudi kwa mtumaji. Usimdai kwa nguvu. Wapo wanaolipa, na wanaolipa hurudi kununua.

Mfumo unasema umepokelewa, mteja anasema hapana

Hii ni kesi nyingine kabisa, na hapa ushahidi uko upande wako. Kwa dai la kutopokea, PayPal wanataka uthibitisho wa kupokelewa: tarehe, neno kwamba umepokelewa, na anwani inayoonyesha angalau mji au msimbo wa posta unaolingana na ule ulio kwenye muamala. Ndiyo maana usikubali kutuma kwenye anwani nyingine ambayo mteja anakuandikia kwa ujumbe baada ya kulipa. Kama anataka ibadilike, mrudishie malipo na umwombe alipe upya kwa anwani sahihi. Kwa bidhaa ya dola 750 na zaidi, PayPal na eBay wanataka pia sahihi ya mpokeaji, kwa hiyo ilipie unapotuma.

Ila usianze kwa kumwita mtu mwongo. Ulaya na Marekani mtu wa mizigo huweza kuacha kifurushi kwa jirani, kwenye banda la bustani au kwa mlinzi wa jengo. Mwulize mteja kama ameangalia huko na kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyepokea. Mtumie tarehe na saa iliyoandikwa. Mara nyingi jibu linalofuata ni la kuomba radhi. Akishikilia kwamba hakuna kitu, weka ushahidi wako kwenye kesi na uache iamuliwe. Huna haja ya kurudisha hapo.

Kabla hujatuma mzigo mwingine

Ahadi ndiyo inayozaa dai, kwa hiyo itazame upya. Usiandike siku bora kabisa uliyowahi kupata. Andika siku ambazo mzigo wa kawaida huchukua, kisha ongeza wiki. Tenganisha siku zako za kuandaa bidhaa na siku za safari, ili mteja anayelipa Ijumaa jioni asidhani mzigo unaondoka usiku huo. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari ongeza zaidi, maana mizigo ya Krismasi hujaza kila kitu. Na bidhaa ya bei kubwa itume kwa kampuni binafsi ya usafirishaji au kwa EMS yenye bima, hata ikibidi kumtoza mteja zaidi. Picha ya dola 400 haistahili kusafiri kwa nauli ya hereni.

Piga picha ya kifurushi kikiwa kimefungwa, anwani ikisomeka, na risiti kando yake. Zihifadhi hadi siku 180 zipite.

Dai lako kwa Posta

Baada ya kumalizana na mnunuzi, geukia deni lako. Nenda kwenye kaunta uliyotumia, na risiti ya asili mkononi, ufungue ulizo rasmi la mzigo. Fomu yake ya kimataifa inaitwa CN 08, na kwa kawaida mtumaji ndiye anayetakiwa kuifungua, kwa hiyo mteja akikuambia posta ya kwao imemwambia awasiliane na wewe, hakuna anayekukwepa. Peleka nakala ya fomu ya forodha, ushahidi wa bei uliyouzia, na ujumbe wa mteja unaosema hakupokea. Omba namba ya ulizo na jina la ofisi inayolishughulikia, kisha uulizie kila wiki.

Fidia hutolewa kwa mzigo uliopotea, ulioibiwa au ulioharibika. Kuchelewa peke yake kwa kawaida hakulipwi, na faida uliyoikosa hailipwi. Mzigo ukithibitishwa kupotea, utalipwa kulingana na thamani uliyoandika na aina ya huduma uliyonunua. Muda wa kufungua ulizo kwa rejista na vifurushi vya kawaida ni miezi sita, ikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma mzigo. Viondo vyetu vilikwenda kwa EMS, ambayo muda wake unaweza kuwa mfupi zaidi, kwa hiyo uulize kaunta mapema. Muda huo ukipita, hata risiti yako ikiwa kamili, ulizo halipokelewi.